Kuku Aliyenunuliwa Mara Nne

Kuku alikuwa wa mama yangu. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu pale ukumbini emsii, yule mshereheshaji, alimwita "kuku wa hisani", utadhani shirika ndilo lililomtotoa.

Mama alimleta kutoka Subukia asubuhi ya siku ya dina, miguu imefungwa kwa kipande cha leso, kichwa kimetokeza kwenye kiondo. Mimi naishi Bondeni, hapa Nakuru, chumba kimoja, na kuku akitua sakafuni huwa hakuna mahali pengine pa kukanyaga.

"Mama, hii ni dina ya hoteli," nikamwambia. "Watu wamelipia meza. Hakuna mtu anapelekanga kuku huko."

Akaniangalia vile huniangalia nikileta mambo ya taoni. "Unaenda kwa watu wakusaidie mtoto, na unataka kuenda mikono ikining'inia? Nani alikufunza hivyo?"

Kwetu mchango huanzwa na mwenye shida. Ukiita watu wakuchangie, wewe ndiye wa kwanza kuweka kitu mezani, hata kama ni yai, ndiyo wengine watoe bila kukudharau. Nilimchukua kuku. Sikutaka kubishana, na kusema kweli niliona mama ana haki.

Shida yenyewe ilikuwa macho ya binti yangu. Alikuwa na miezi sita. Mboni zake zilikuwa na weupe, kama maji ya kuoshea mchele, na nilikuwa nimeuona weupe huo tangu akiwa na miezi miwili. Jirani aliniambia nimdondoshee maziwa ya titi, yatasafisha. Nikadondosha wiki nzima, mimi niliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri ya bayolojia. Nilipompeleka kliniki, daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi. Ni mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili. Halafu akaniambia jambo ambalo bado nalisikia nikiosha vyombo: kuona ni kitu ambacho ubongo hujifunza, na huu ndio wakati wa kujifunza. "Ukichelewa, mama, tunaweza kuondoa huo ukungu na bado asione vizuri. Jicho litakuwa zima na ubongo haujui la kufanya nalo."

Upasuaji wa macho yote ulikuwa laki moja na elfu themanini. Mimi nauza mitumba ya watoto kwenye turubai kando ya barabara. Baba yake huosha malori Salgaa. Bima tulilipa miezi miwili tukaacha, na hilo ni kosa letu, silisukumii mtu. Nesi pale kliniki ndiye aliyenipa nambari ya shirika moja la watu wa kujiweza hapa mjini, ambao kila mwaka hufanya dina kubwa ya kuchangia watoto wagonjwa. Msichana wa ofisi yao alikuja nyumbani, akampiga mtoto picha nyingi, akaniambia tumechaguliwa. Watoto watatu, na wangu ni mmoja. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile tochi.

"Sasa hiyo siku nivae nini?" nilimuuliza.

"Kawaida tu, mama baby. Kawaida kawaida."

Mimi sikuelewa. Mahali nimelelewa, kuitwa na watu ni kuvaa. Ukienda kwa mtu na matambara unamwambia hakustahili uoge. Kwa hivyo nilivaa gauni la bluu nililochagua belo ya mitumba ikifunguliwa, kabla wateja hawajaingiza mikono, nikasuka nywele, na mtoto nikamvalisha gauni jeupe na soksi zenye lesi. Tukafika hoteli saa kumi na mbili jioni, ile sehemu ya juu ya mji yenye miti na kuta ndefu, mimi na mtoto mgongoni na kuku kwenye kiondo.

Msichana wa ofisi alinipokea kwa mlango wa nyuma. "Ai, mama baby," akasema. "Umependeza sana." Alilisema kama mtu anayetazama sahani iliyovunjika.

Akaenda kwa gari, akarudi na shali ya kijivu, nzito, ina harufu ya buti ya gari. Akanifunika nayo kuanzia mabega mpaka magotini, akaifunga kwa mbele. Halafu akainama akamvua mtoto soksi, moja, ya pili, akazitia kwenye mkoba wake. "Hivi ndiyo anaonekana ni mtoto," akasema.

Nilimwacha amvue. Ningeweza kusema kuna baridi, na Nakuru jioni kuna baridi kweli. Sikusema. Soksi zile sijaziona tena hadi leo.

Kabla ya mimba nilifanya kazi Naivasha, kwenye shamba la maua, upande wa kupanga waridi kwa urefu wa shina kabla hazijasafirishwa ng'ambo. Kwa hivyo nilipoingia ule ukumbi watu wengine waliona urembo, mimi niliona mashina. Yalikuwa marefu, yale ya daraja la juu kabisa, ambayo sisi wafanyakazi tulikuwa hatupewi hata yakivunjika. Shina ishirini na tano kwa kila meza, na meza nilizihesabu ni thelathini na mbili. Nilikuwa najua bei. Nilikaa pale nikijua kwamba jicho moja la mtoto wangu, au karibu jicho moja, lilikuwa limesimama ndani ya maji katikati ya meza na kesho lingetupwa.

Na bado nilikula. Sitadanganya. Waliniweka meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, na nilikula nyama za aina tatu, nikaenda kuongeza. Wale watoto wengine wawili hawakufika: mmoja alikuwa amelazwa, mwingine wazazi wake walikosa nauli. Nikabaki mimi peke yangu wa kuonyeshwa.

Msichana wa ofisi alitaka kuku aachwe kwa mlinzi. Emsii ndiye aliyemwona. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, suti inang'aa, na aliposikia kuku ametoka kwa nyanya ya mtoto alipiga makofi peke yake. "Huyu ndiye tumekosa!" akasema. "Hawa watu wamechoka na bahasha."

Wakatupandisha jukwaani, mimi na mtoto amelala kifuani. Emsii akamshika kuku kwa mabawa, akamwinua kwenye taa.

"Mabibi na mabwana, huyu ni kienyeji! Hajawahi kuona chakula ya gunia! Nani atanunua tuokoe macho ya huyu malaika?"

Mnada wa namna hii kila mtu anaujua. Ukinunua humbebi kuku, unamrudisha auzwe tena, ndiyo sifa yako iwe mara mbili. Mkandarasi mmoja wa meza ya mbele alimnunua kwa elfu ishirini na akamrudisha. Meza ya watu wa benki ikamchukua kwa thelathini na tano, ikamrudisha. Rafiki ya mwenyekiti wa shirika, mama wa kilemba kikubwa, akampata kwa hamsini, akampungia mkono, arudi, arudi.

"Huyu kuku ameuzwa mara nyingi kuliko ploti!" emsii akapaza sauti, na ukumbi ukacheka mpaka wahudumu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa najumlisha huku nacheka. Laki moja na elfu tano.

Raundi ya nne ikaanza vibaya. Keki zilikuwa zimeletwa, watu wakageukia sahani na simu. Emsii akaita, akaita. Elfu arobaini, mtu akasema huku akitafuna. Emsii akanitazama, akamtazama mtoto. "Na mwenye shughuli mwenyewe amelala," akasema kwa maiki. "Hajui hata tunamtetea."

Msichana wa ofisi alikuwa amesimama chini ya jukwaa. Akaninong'oneza, "Mama baby, muamshe. Watu wanataka kumuona macho."

Mtoto wangu akilala huwa haamki kwa kutikiswa. Nilimtikisa. Nikampuliza usoni. Kisha nikapitisha mkono chini ya ile shali na nikamfinya paja.

Alilia. Wakainua vichwa. Emsii akamsogeza kuku karibu naye, taa ikamwangukia usoni, na ukumbi mzima ukaona ule weupe. Kuna mtu alisema "Woi." Elfu sitini.

Nikajumlisha tena. Laki moja na elfu sitini na tano. Ilikuwa imebaki elfu kumi na tano.

Mtoto alikuwa ameanza kunyamaza. Emsii akasema, "Elfu sitini mara ya kwanza. Elfu sitini mara ya pili." Na hapo hakuna mtu aliyeniambia kitu. Msichana wa ofisi alikuwa anatazama simu yake. Nilimfinya mara ya pili, kwa kucha, mahali palepale.

Alilia kilio ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake. Na kwa kuwa hakuona ni mkono wa nani, alifanya kile alichokuwa anafanya siku zote akishtuka: alinitafuta. Alisugua uso kwenye shingo yangu, akanishika nywele kwa mikono miwili, akajificha kwangu.

"Laki moja!" mkandarasi akasema, amesimama, leso ya meza bado iko shingoni. Watu wakapiga makofi wamesimama. Mama wa kilemba alikuwa anajifuta machozi. Laki mbili na elfu tano, macho yote mawili na nauli, na inabaki. Emsii akanipa maiki nikasema Mungu awabariki. Wakaleta hundi ya kadibodi, kubwa kama mlango, tukapigwa picha tukiwa tumeishika, halafu dereva wa mwenyekiti akaniomba nimpishe airudishe kwa gari, ingetumika tena.

Nilikuwa getini nikifunga mtoto mgongoni, mhudumu akaja mbio. "Siz! Siz! Kuku yako."

"Si yangu. Imenunuliwa."

"Na nani? Wote wameenda." Akanipa kiondo. "Ilikuwa imeanza kutembea jikoni. Shefu alikuwa ashachemsha maji."

Nyumbani mama alikuwa amekesha akitungoja. Alisikiliza yote, nikamwambia bei, akacheka mpaka akashika mbavu. Kuku laki mbili! Halafu akamwona kuku. "Na huyu je?"

"Wamemwacha."

Akaacha kucheka. Akafikiria, akasema, "Basi tumuwekee mwenyewe, yule aliyemnunua." Asubuhi akamrudisha Subukia. Nilipombadilisha mtoto nepi mama alikuwa ameshaondoka, namshukuru Mungu kwa hilo. Kwenye paja kulikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa imekaa kama mwezi mwembamba.

Siku ya tatu baba yake alinipigia kutoka Salgaa. Video ya mnada ilikuwa imewafikia, wanaionea kwenye simu ya mpika chai, waosha malori wenzake wanampongeza. "Nimeona mtoto," akasema. "Lakini mbona alilia hivyo?"

"Ni zile taa," nikamwambia. "Zilimsumbua."

"Taa? Si haoni?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nikangoja. Wiki mbili, nne, sita. Nikipiga simu naambiwa wanafunga mahesabu. Wiki ya nane nilifunga turubai mapema nikaenda ofisini kwao. Msichana alinipokea vizuri, akanipa chai, na kwa kuwa nilikataa kuondoka akanionyesha karatasi. Ukumbi na chakula. Maua. Bendi. Emsii, na sikuwa najua kwamba emsii hulipwa. Bango. Zawadi ya kioo ya mgeni wa heshima. Baada ya hayo yote, kilichobaki kilikuwa kimegawanywa mara tatu, na sehemu ya mtoto wangu ilikuwa elfu kumi na nane.

"Na kuku?"

"Kuku ni ahadi, mama baby. Ahadi zinaingia polepole."

"Yule wa laki moja?"

"Huyo hashiki simu." Akashusha sauti. "Huwa anafanyanga hivyo kila mwaka. Lakini ukimkosa, mnada haupandi."

Nataka kusema nilimwaga chai. Nataka kusema nilimwambia kuhusu shina ishirini na tano kwa meza, na soksi, na paja. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja dirisha. Lakini elfu kumi na nane ilikuwa pale mezani kwenye bahasha, na kalamu juu yake, na niliogopa nikifungua mdomo bahasha itarudi kwenye droo. Nikatia sahihi. Nikasema asante. Nilisema mara tatu, na mara ya tatu nilipiga goti kidogo, kama vile tulivyofunzwa kusalimia wazee. Yule msichana ni mdogo kwangu.

Wakati mwingine watu husema wale ni wezi. Mimi siwezi kusema hivyo. Karatasi ilikuwa na risiti zote. Walikuwa wametumia pesa nyingi kuwafurahisha watu ili watoe pesa, na watu wakafurahi, na furaha ndiyo iliyolipwa kwanza. Kinachonichoma ni kwamba nilielewa hesabu yao haraka sana. Mimi pia nilikuwa nimetumia kitu ili mnada upande.

Mama alikuwa na mtamba mmoja, mimba ya miezi saba, ng'ombe aliyekuwa anamtegemea kwa maziwa ya uzeeni. Sikumwomba. Nilimwambia tu kiasi kilichotoka, akasema "Haya," na Jumamosi iliyofuata akamuuzia jirani. Baba mtoto akakopa kwa tajiri yake wa malori. Jicho la kulia lilipasuliwa binti yangu akiwa na miezi tisa kasoro, la kushoto wiki tano baadaye, pesa zilipotimia.

Sasa anavaa miwani minene yenye mpira wa kuzunguka kichwa. La kulia linaona vizuri. La kushoto hukimbia pembeni, na kila siku namziba la kulia kwa plasta kwa muda wa saa mbili ili la kushoto lifanye kazi, na kila siku analia. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Aliandika kitu kwenye faili. Hakusema ndiyo, na mimi sikurudia swali.

Mwezi uliopita msichana wa ofisi alinipigia. Dina imekaribia tena. "Mama baby, tunataka uje na yeye, na ile miwani yake. Watu waone matunda ya mchango wao. Watalia!"

"Tuje na kuku pia?"

Akacheka. "Mkitaka!"

"Basi mwambie mkandarasi wako aje Subukia amchukue. Mama yangu amekataa kumchinja, anasema kuku wa watu hachinjwi. Ametotoa mara mbili. Na vifaranga ni vyake, amemhesabia. Tisa, mmoja alichukuliwa na mwewe."

"Sasa mama baby, mbona unakuwa hivyo?"

"Na soksi zangu uzilete," nikasema, nikakata simu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu mita kumi. Haikudumu. Kukataa kulikuwa rahisi, kwa sababu mtoto ameshaona. Angekuwa bado ana ule weupe, ningeenda. Ningeenda na shali yangu mwenyewe, na kucha hizi hizi.

Jumapili tulikuwa Subukia. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye gunia uani, anamwangalia kuku wa mkandarasi akichakura na wanawe, amepinda kichwa ili jicho la kulia liwe mbele. Mpira wa miwani ulikuwa umeteleza chini ya sikio. Nikanyoosha mkono niurudishe.

Aliuona mkono tangu ukiwa mbali. Aliufuata kwa macho mpaka ukamfikia, hakutikisika, anautazama tu, vidole kimoja kimoja. Mama akaniuliza kutoka jikoni mbona nimesimama hivyo. Nikamwambia narekebisha miwani.